KAZI ZA AJABU NA SHAHIDI WA MIZANI

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, aliyoyatoa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama siku ya mwisho ya semina ya maandalizi ya msimu. Tunayachapa ili yawafikie pia wanachama ambao hawakuwapo.)



Kwa siku mbili mfululizo tumeshughulika na urari wa hesabu, mizania, madeni ya pembejeo na daftari la wanachama, na naona dhahiri kwamba macho ya wengi wenu yamechoka na tarakimu. Ndiyo maana waandalizi wameniomba nizungumze jambo lisilochosha. Nami nimechagua kuwaeleza habari za kazi za ajabu ambazo binadamu wamepata kuzifanya ili wajipatie riziki. Nitataja nne. Mbili zimekwisha toweka, moja ingalipo hapa hapa nchini mwetu, na ya nne nataka tuione katika kila kituo chetu cha kununulia mazao.

Kazi hizi zimefanana kwa jambo moja. Katika kila moja, mtu mmoja alitoa jicho lake, au sikio lake, au ulimi wake, akautumia kwa niaba ya watu wengi wasioweza kuwapo mahali pale au kujua jambo lile. Na huo, ndugu zangu, ndio ushirika wenyewe.

Mwamsha watu

Katika karne ya 19, miji ya kaskazini mwa Uingereza ilijaa viwanda vya kusokota na kufuma pamba. Kengele ya kiwanda ilipolia alfajiri, lango lilifungwa, na mfanyakazi aliyechelewa alipoteza ujira wake. Lakini saa ya kuamshia ilikuwa ghali, na mfanyakazi wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuinunua. Basi ikazuka kazi ya kuamsha watu. Mtu, mara nyingi mzee au mwanamke, alipita mitaani gizani akiwa na fimbo ndefu yenye nyaya nchani, akagonga kwayo madirisha ya ghorofani, nyumba baada ya nyumba, kila nyumba kwa saa iliyoagizwa. Malipo yake yalikuwa peni chache kwa wiki. Mahali pengine wenye nyumba waliandika kwa chaki ubaoni, kando ya mlango, saa wanayotaka kuamshwa. Na huko London ya mashariki, katika miaka ya 1930, alikuwako mama mmoja aliyepata sifa kwa kuwaamsha wateja wake kwa kupuliza punje za njegere kavu kupitia mrija hadi zigonge kioo cha dirisha.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuicheka sana kazi hiyo. Katika miji yetu ya pwani, mwezi wa Ramadhani, wako vijana wapitao mitaani na ngoma au madebe kuwaamsha watu wale daku, na siku ya Idi hupewa chochote.

Jambo ninalotaka tulishike ni hili. Yule mwamshaji hodari hakugonga akaenda zake. Alingoja chini ya dirisha mpaka mwenye nyumba ajitokeze au atoe ishara kwamba ameamka. Alijua kwamba halipwi kwa kelele alizopiga, bali kwa mtu aliyeamka. Nasema haya kwa sababu katika ziara zangu nimekuta mara nyingi tangazo la mkutano mkuu limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chama, limepigwa mhuri na kutiwa sahihi, nao wanachama walioko kilomita saba kutoka hapo hawana habari. Katibu akiulizwa husema, “Tulitangaza.” Ndiyo, dirisha liligongwa, lakini je, aliyelala aliamka?

Mtazama samaki

Kazi ya pili ilikuwa huko Cornwall, rasi iliyoko kusini-magharibi mwa Uingereza. Kwa muda wa karne nyingi watu wa pwani ile waliishi kwa kuvua samaki wadogo wa jamii ya dagaa, waliofika karibu na ufuko kwa makundi makubwa mwishoni mwa majira ya joto. Wavuvi waliokaa ndani ya mashua hawakuweza kuliona kundi lote, kwa kuwa jicho lililo sawa na maji haliwezi kutazama mbali. Kwa hiyo waliweka mtu juu ya jabali, siku nzima, kazi yake kutazama bahari tu. Alipoona maji yamegeuka rangi na ndege wanashuka kwa wingi, alipuliza tarumbeta ndefu ya bati na kupaza sauti “Hevva! Hevva!”, na kijiji kizima kikakimbilia ufukoni. Kisha, akiwa bado huko juu, alishika matawi ya kichaka mikononi na kuwaelekeza wenye mashua kwa ishara: kulia, kushoto, tupeni nyavu sasa. Katika mji wa Newquay kibanda cha mtazamaji huyo kingali kimesimama juu ya jabali hadi leo, ingawa uvuvi wa namna ile ulififia mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtazamaji hakushika wavu, wala hakuloa hata kidole. Hata hivyo alipewa mshahara na, juu ya mshahara, sehemu ya samaki waliovuliwa. Wavuvi walitambua kwamba aliye juu huona yale ambayo aliye chini hayaoni, na kwamba ni busara faida yake ifungamane na faida yao.

Katika chama cha msingi, walio juu ya jabali ni bodi na katibu. Wao ndio wanaopata mapema habari za bei dira, za mnada, za pembejeo zilizochelewa na za riba ya mkopo. Habari hizo si mali ya aliyeko juu; ni za walioko ndani ya mashua. Mtazamaji aliyeona samaki akanyamaza, au akamnong’oneza ndugu yake peke yake, angefukuzwa kijijini siku hiyo hiyo. Nasi tunapaswa kumtazama vivyo hivyo kiongozi ambaye anajua bei itapanda juma lijalo, akamwambia mfanyabiashara rafiki yake kabla ya kuwaambia wanachama.

Mwonja kahawa

Kazi ya tatu iko kwetu. Wengi wenu mmefika Moshi, mji ambao wakulima wa Kilimanjaro waliuzoea kuwa ndio makao ya biashara ya kahawa tangu walipoanzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925 na baadaye, mwaka 1933, kuunda chama kikuu cha KNCU. Humo mjini wako watu ambao kazi yao, iliyowasomeshea watoto, ni kunywa kahawa na kuitema.

Msicheke, maana kazi hii ni ngumu. Mwonjaji hupewa sampuli kutoka katika shehena, ikakaangwa kidogo na kusagwa. Unga huo hupimwa kwa gramu na kutiwa katika vikombe kadhaa vilivyo sawa, kisha humwagiwa maji ya moto. Baada ya dakika nne hivi, utando wa kahawa unapokuwa umejikusanya juu, mwonjaji huinamisha pua karibu kabisa na kikombe, akauvunja utando kwa kijiko na kunusa mvuke unaotoka. Halafu huchota kijiko kimoja na kukivuta kinywani kwa nguvu na kwa kelele, ili kahawa itawanyike ulimini na harufu ipande hadi puani. Kisha huitema katika chombo na kwenda kikombe kinachofuata. Hajipaki manukato aendapo kazini, wala hali pilipili wala kitunguu kabla ya kazi. Vikombe huwa vingi kwa sampuli moja kwa sababu punje moja tu iliyooza yaweza kuharibu kikombe kimoja na kuacha vingine salama. Mwenye kikombe kimoja angedanganyika.

Ulimi wa mtu huyu ndio unaoamua kama jasho la mwaka mzima la chama kizima litaitwa kahawa nzuri au kahawa ya hivi hivi. Lakini mwanachama kijijini hamjui. Anachojua ni kwamba mwaka huu kahawa yake “imeshuka daraja,” na moyoni anaamini ameibiwa. Kumbe mwonjaji ameandika sababu: kahawa imevundwa kupita kiasi, au imekaushwa chini juu ya udongo, au buni mbivu na mbichi zimemenywa pamoja, au imehifadhiwa karibu na mafuta ya taa. Sababu hizo zaweza kurekebishwa shambani msimu ujao, mradi mkulima azijue. Taarifa ya mwonjaji ikifungiwa katika jalada, ulimi wake umefanya kazi bure. Naomba kila katibu aisome taarifa hiyo katika mkutano wa wanachama, kwa lugha nyepesi, kama anavyosoma mapato na matumizi.

Shahidi wa mizani

Sasa nafika kwenye kazi ya nne, na hii ndiyo iliyonileta hapa.

Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza, mchimbaji hakulipwa kwa siku. Alilipwa kwa makaa aliyoyatoa. Alikuwa chini ya ardhi, mbali sana na mwanga, akajaza gari dogo, akalitundika alama yake, na gari likavutwa hadi juu. Huko juu alikuwako mpimaji, mtumishi wa mwenye mgodi, ambaye alisema gari hili lina uzito kadha wa kadha. Mchimbaji hakuwapo kuyaona hayo. Tena mwenye mgodi aliweza kusema kwamba gari halikujaa vizuri, au lina mawe mengi, akalifuta lote, na mchimbaji asipate hata senti kwa gari hilo ingawa makaa yaliuzwa.

Wachimbaji walilalamika kwa miaka mingi. Hawakuomba mizani iondolewe, wala hawakudai kwamba wapimaji wote ni wezi. Waliomba jambo dogo: waruhusiwe kumchagua mtu wao, wamlipe wao wenyewe kutoka katika ujira wao, asimame kando ya mizani na kutazama. Mwaka 1860 Bunge la Uingereza liliwapa haki hiyo kwa sheria. Mimi namwita mtu huyo shahidi wa mizani.

Lakini sheria ile ya 1860 ilikuwa na tundu. Ilisema shahidi lazima awe mmoja wa wafanyakazi wa mgodi huo huo. Basi mwenye mgodi aliyechukizwa naye alimwachisha kazi tu, na ushahidi ukaishia hapo. Ilichukua muda mrefu kuliziba tundu hilo. Sheria ya mwaka 1887 ilieleza kwamba shahidi si lazima awe mwajiriwa wa mgodi, na kwamba wengi wakikubali kumweka, wote ambao makaa yao hupimwa watachangia malipo yake. Mwaka 1919 sheria nyingine ikaipeleka haki hiyo hiyo kwenye kazi nyinginezo zenye malipo ya uzito, kama vile kupakia na kupakua meli.

Sheria ya 1887 ilieleza pia mipaka ya kazi yake, na mipaka hiyo inafaa kuzingatiwa. Shahidi alikuwa na haki ya kuiona mizani wakati wowote wa kupima, kuijaribu kama ni ya kweli, na kuhakikisha uzito wa gari tupu, ili lisipunguziwe mchimbaji zaidi ya haki. Lakini hakuruhusiwa kuingilia upimaji wala kusimamisha kazi. Na kama hakufika siku hiyo, kazi iliendelea. Nguvu yake yote ilikuwa katika macho yake na katika daftari lake.

Mtaona kwamba hiyo ni kazi ya ajabu kweli: mtu alipwe ili amtazame mtu mwingine akifanya kazi. Hata hivyo hakuna kazi iliyoheshimiwa zaidi katika vijiji vile vya wachimbaji. Alichaguliwa kwa kura ya watu waliomjua tangu utoto, na aliyeaminiwa katika mizani aliaminiwa pia katika mambo makubwa. Arthur Horner, kwa mfano, alichaguliwa kuwa shahidi wa mizani katika mgodi wa Mardy, Wales ya Kusini, mwaka 1919; mwaka 1946 akawa Katibu Mkuu wa chama cha wachimbaji wa nchi nzima.

Kwa nini mkaguzi hatoshi

Baadhi yenu mtasema, “Ndugu Mkaguzi, hayo yalikuwa ya mabepari na wafanyakazi wao. Sisi chama ni chetu, mizani ni yetu, karani ni wetu. Tumweke shahidi dhidi ya nani?”

Nawajibu kwa historia yetu wenyewe. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, katika miaka ya mwanzo ya 1950, walijiunga katika vyama wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, na miongoni mwa manung’uniko yao makubwa yalikuwa mizani za wanunuzi. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao la VFCU. Yaani mizani ni miongoni mwa sababu zilizowafanya wazee wetu waanzishe ushirika. Lakini baada ya chama kuichukua mizani, shaka haikutoweka yenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, nayo ikaeleza, pamoja na mengine, kwamba wanachama wengi hawakuelewa mambo ya chama chao na kwamba udanganyifu ulikuwapo. Mnamo Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na ikabidi kungojewa Sheria ya mwaka 1982 ili virudi. Sisemi kwamba mizani peke yake ilileta hayo. Nasema kwamba chama ambacho mwanachama hakiamini hakina mtetezi siku ya shida.

Na wale mafundi wa Rochdale, ambao sote tunafundishwa habari zao, hawakuona aibu kujilinda dhidi ya wao wenyewe. Walikuwa 28 tu walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba, 1844, wakiuza unga, siagi, sukari, unga wa oti na mishumaa. Walikuwa jirani na ndugu. Hata hivyo, waliweka kuwa kanuni kwamba bidhaa ziwe safi, kipimo kiwe kamili, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila mara. Walifahamu kwamba udugu haufanyi kazi ya kipimo.

Mtasema tena, “Lakini tunao wakaguzi.” Ni kweli, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri. Mkaguzi hufika baada ya mazao kwisha kuuzwa. Hulinganisha stakabadhi na daftari la ununuzi, daftari na hati ya ghala, hati ya ghala na malipo ya benki. Mambo hayo yote yakilingana, hesabu ni safi. Lakini stakabadhi yenyewe iliandikwa kutokana na mizani. Kama mkulima alileta kilo 60 na nusu na karani akaandika 60, basi stakabadhi husema 60, daftari husema 60, na mkaguzi hukuta 60. Ile nusu kilo haikuandikwa mahali popote, na kilo isiyoandikwa haikaguliki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ni mali iliyopotea kabla haijalifikia daftari.

Nimewahi kukuta, katika chama ambacho sitakitaja, jina la mtu aliyelipwa mazao mengi kuliko wakulima wakubwa wa kijiji kile. Nilipoomba kuliona shamba lake, hakuna aliyejua liliko. Zile nusu kilo za watu zilikuwa zimekusanywa ghalani na kupewa jina. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilikuwa cha mtu mmoja.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Kituo kina wanachama 300, na kila mmoja hupima mara 6 katika msimu. Hiyo ni mipimo 1,800. Ikipotea nusu kilo katika kila mpimo, zimepotea kilo 900, yaani magunia 15 ya kilo 60. Sasa tuseme kila mwanachama akubali kutoa thamani ya kilo 1 tu kwa msimu mzima kumlipa shahidi. Hizo ni kilo 300. Chama kimeokoa kilo 600, na, zaidi ya hizo, kimeokoa heshima yake. Na hata mahali ambapo hakuna wizi wowote, bali mizani imechakaa tu au imewekwa juu ya ardhi isiyo sawa, hasara huwa ile ile.

Pendekezo langu

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila chama kipeleke jambo hili katika mkutano mkuu kabla ya msimu kufunguliwa. Mambo ya kuamuliwa ni haya.

Kwanza, shahidi achaguliwe na wanachama wa kituo husika, kwa kura, wala asiteuliwe na bodi au katibu. Asiwe jamaa wa karani wa mizani. Atumikie msimu mmoja, kisha achaguliwe tena au aachwe.

Pili, kila asubuhi kabla ya kuanza kununua, mizani ijaribiwe mbele ya watu kwa mawe yaliyohakikiwa, na ionekane kwamba inasimama kwenye sifuri. Stika ya Wakala wa Vipimo iwe mahali inapoonekana na itazamwe tarehe yake. Mizani mpya za kidijitali nazo zijaribiwe. Kuwaka kwa tarakimu si uthibitisho wa ukweli wake.

Tatu, gunia tupu lipimwe hadharani. Malalamiko mengi ninayoyasikia hayahusu mizani, bali kilo zinazokatwa kwa ajili ya gunia. Uzito wa gunia si jambo la kukisia. Ni jambo la kupima.

Nne, shahidi awe na daftari lake. Aandike tarehe, jina na kilo za kila mpimo. Jioni daftari lake na la karani yalinganishwe, na wote wawili watie sahihi. Yakitofautiana, bodi iarifiwe siku hiyo hiyo. Mazao yatakapofika ghala kuu na kuonekana yamepungua, tutakuwa na madaftari mawili ya kutuonyesha kama ni unyaufu wa kweli au ni jambo jingine.

Tano, shahidi asiguse mizani, wala asisimamishe ununuzi. Akianza kuamuru, atakuwa karani wa pili, na kituo kitakuwa na ugomvi badala ya ushahidi.

Sita, malipo yake yatokane na wanachama kwa makato yaliyopitishwa na mkutano mkuu na kuandikwa waziwazi katika stakabadhi. Anayelipwa na wanachama anajua anamtumikia nani.

Najua lipo swali moja lililobaki: je, shahidi naye akihongwa? Yawezekana, kwa kuwa ni binadamu. Lakini kuharibu madaftari mawili yaliyo mikononi mwa watu wawili wasio ndugu, mbele ya foleni ya wakulima, ni kazi ngumu kuliko kuharibu moja. Nasi hatutafuti malaika. Tunatafuta utaratibu ambao mtu wa kawaida ataona ni rahisi kuwa mwaminifu kuliko kuwa mwizi.

Na ningependa kuwaambia makarani wa mizani neno moja, maana wamo humu. Msidhani kwamba jambo hili ni la kuwashuku. Karani mwaminifu ndiye mtu wa kwanza kufaidika. Leo, mkulima asiporidhika na malipo yake, humtukana karani njiani, na karani hana cha kujibu isipokuwa kuapa. Akiwapo shahidi aliyechaguliwa na mkulima huyo huyo, karani hahitaji kuapa. Atasema tu, “Mwulize mtu wako.”

Ndugu Mwenyekiti, nimesema nitazungumza jambo jepesi, nami naona limekuwa zito kidogo mwishoni. Ombi langu ni fupi: makatibu mtakaporudi, andikeni katika ajenda za mkutano mkuu ujao, “Kuchagua shahidi wa mizani.” Msingoje barua kutoka juu. Haki hii haihitaji ruhusa ya mtu. Inahitaji wanachama walioamka.